Juni ziwani Mille Lacs: wolai, besi, na kwa nini mara ya kwanza umlipe mwongozaji

#1 Mwana_wa_Ukerewe

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa maisha ya Minnesota, Marekani, watu kadhaa waliniuliza habari za uvuvi wa huku, nikaahidi nitaufungulia uzi wake. Nimerudi jana usiku kutoka Mille Lacs, mikono bado inanuka samaki, naandika kabla mambo hayajanitoka.

Kwa wasionijua, nimezaliwa Ukerewe na mzee wangu alikuwa mvuvi wa sangara, kwanza kwa makila, yaani nyavu za kutega, baadaye kwa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Nimekulia mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Nilipohamia huku nikakuta jimbo lina maziwa zaidi ya 10,000, nikajua kwa uvuvi sitashindwa. Mwaka jana mwezi Juni mimi na jamaa wawili tulikodi boti ya bati, tukanunua minyoo dukani, tukaingia Mille Lacs saa tatu asubuhi, jua kali, maji yametulia tuli. Tulikaa saa saba, hatukupata hata mmoja. Alasiri upepo ukageuka na mawimbi yakaanza kuingia botini, tukarudi huku mmoja anakomba maji kwa kopo. Ziwa lile lina zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini kina chake hakizidi futi 42. Maji mapana yasiyo na kina huchafuka upesi mno. Siku ile niliogopa.

Mwaka huu nikaamua kumlipa mwongozaji, mtu ambaye kazi yake ni kupeleka watu kuvua kwa boti yake, zana zake na chambo chake. Tulikuwa watatu, mimi, kijana wangu wa miaka 12 na shemeji. Dola 600 kwa saa nane, tukagawana mimi na shemeji. Najua ni hela. Lakini nilichojifunza kwa siku ile moja nisingekipata kwa miaka mitatu ya kuhangaika peke yangu, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Samaki wenyewe ni wawili. Wa kwanza wenyeji wanamwandika walleye, mimi nitaandika wolai. Ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965, na pale Garrison, kando ya ziwa, wamemjengea sanamu kubwa. Ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, meno makali, na ncha nyeupe chini ya mkia. Wa pili ni besi, na Mille Lacs inasifika kwa besi wa mdomo mdogo, mwenye rangi ya shaba na macho mekundu, mfupi lakini amejaa nguvu.

Mwongozaji alitupangia kuanza saa nane mchana, sio alfajiri. Nikashangaa. Akasema mchana tutavua besi, jua likishuka tutamfuata wolai. Kabla ya kuondoka gatini akatazama kipimajoto cha maji kwenye skrini yake: nyuzi 62 za Farenhaiti, kama 17 za Selsiasi. Halafu akatuuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mmekuja kula au mmekuja kuvua?" Nikamjibu vyote viwili. Akasema basi tutakula wachache na kuvua wengi.

Tulikwenda upande wenye miamba, maji futi sita hivi, safi kiasi kwamba unayaona mawe chini. Akazima injini kubwa, akashusha mota ndogo ya umeme ya mbele, boti ikawa inatembea kimyakimya kama mtumbwi wa kafi. Akamwonyesha kijana wangu duara jeupe kati ya mawe, upana wa beseni, na juu yake samaki amesimama haondoki. Ni dume la besi. Huku maji yakikaribia nyuzi 60, mwishoni mwa Mei mpaka katikati ya Juni, dume linafagia changarawe kwa mkia, jike linataga na kuondoka, dume linabaki kulinda mayai na baadaye vifaranga. Ukimtoa pale hata kwa dakika chache, samaki wadogo wanavamia na kuyala mayai. Mwongozaji akasema, "Huyu tunamwacha, ana kazi." Kweli, tukampita. Boti nyingine mita mia mbili kutoka kwetu walikuwa wanatupa ndoano juu ya viota waziwazi, na walikuwa wanapata. Yeye hata hakugeuka kuwatazama.

Akatupeleka kwenye maji ya kina zaidi kidogo, ambako kuna waliomaliza kulea. Chambo kilikuwa cha mpira, rangi ya matope, umbo la kamba wa ziwani, kimefungwa kwenye ndoano yenye uzito wa risasi kichwani. Unarusha, unaacha kifike chini, unakivuta taratibu kwenye mawe. Besi haokoti, anagonga. Kijana wangu alipopigwa mara ya kwanza fimbo ilipinda mpaka majini, samaki akaruka juu mara mbili, mara ya tatu karibu na boti akatulowesha wote. Mtoto alikuwa anatetemeka miguu. Alimshika kwa mdomo wa chini kama alivyofundishwa, tukampima inchi 19, tukampiga picha moja, akamrudisha mwenyewe. Alimshikilia majini mpaka samaki alipojinasua kwa nguvu zake.

Wolai nitaeleza kwenye posti inayofuata, nipumzike kidogo.

#2 Binti_Naivasha

Kaka asante sana kwa huu uzi. Mimi ni wa Naivasha, na nataka wenzetu wajue besi si mgeni kabisa Afrika Mashariki. Wale wa mdomo mkubwa waliletwa ziwa letu kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya walowezi waliotaka mchezo wa kuvua. Babu yangu aliwavua kando ya mafunjo. Siku hizi ukienda pale unakuta samaki aina ya kapu (carp) zaidi kuliko besi. Nilipofika huku St. Cloud nikamwona dukani kwenye picha ya chambo, nilisimama pale kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani.

Ila nina donge la kutoa. Mwaka juzi mimi na dada zangu wa kanisani tulilipia mwongozaji. Alituweka sehemu moja saa nne nzima, yeye yuko kwenye simu, hakutufundisha hata kufunga ndoano. Tukimuuliza anasema samaki hawali leo. Sasa kaka, mtu atajuaje mwongozaji mzuri kabla hajatoa pesa?

#3 Mwana_wa_Ukerewe

Pole sana dada. Mimi nilipiga simu kwa watu wanne. Niliwauliza maswali matatu tu: maji yana joto gani wiki hii, utatupeleka sehemu ya aina gani, na upepo ukichafuka utafanyaje. Wawili walinijibu "usijali utapata samaki wengi". Nikawaacha. Mmoja alisema hajui kama siku yangu itakuwa nzuri, lakini upepo wa kusini ukivuma siku mbili mfululizo atatupeleka upande unaopigwa na mawimbi, kwa sababu huko ndiko chakula kinasukumwa. Huyo ndiye niliyemchukua. Mtu anayekuahidi idadi ya samaki hajakuambia chochote kuhusu ziwa. Uliza pia mapema kama uko na watoto au wanaoanza, useme wazi unataka kufundishwa. Na habari ya malipo ya awali mkubaliane kwa maandishi, nini kinatokea hali ya hewa ikiharibika.

Sasa wolai.

Yule samaki ana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga, kama paka. Ukimmulika tochi usiku jicho linang'aa. Wale wa Kanda ya Ziwa mnajua jinsi jicho la sangara linavyowaka kwenye mwanga wa tochi, ni vilevile, ingawa hawa si ndugu. Kwa jicho hilo wolai anaona vizuri kwenye giza la magharibi kuliko samaki wadogo anaowawinda, na hapo ndipo anapokula. Jua likiwa juu na maji yametulia anashuka chini na kulala. Ndiyo maana sisi mwaka jana tulikosa: tuliingia saa ambayo tulipaswa kuwa nyumbani. Mille Lacs imezidi kuwa hivyo tangu kome wadogo wenye mistari walipoonekana humo mwaka 2005. Wanachuja maji, maji yanakuwa meupe, mwanga unafika chini zaidi. Wenyeji wanapenda siku ya mawingu na mawimbi ya kiasi, kwa kuwa yanavunja mwanga.

Huku Juni jua linazama saa tatu usiku. Kwa sisi wa saa za Kiswahili hii inachukua muda kuzoea, saa tatu usiku bado unasoma gazeti nje. Kwenye saa mbili na nusu mwongozaji alitia nanga ya kielektroniki, yaani mota inayoishika boti isisogee, juu ya mwamba ulio futi kumi chini, pembeni yake maji yanashuka. Kila mtu fimbo moja, maana sheria ya Minnesota kwenye maji yasiyo na barafu ni mshipi mmoja kwa mtu. Boya lake si lile linalobanwa mahali pamoja. Mshipi unapita katikati ya boya kwa uhuru, na juu yake unafunga fundo dogo la uzi. Ukirusha, risasi inavuta chambo chini mpaka fundo linagota kwenye boya, basi chambo kinaning'inia kina kilekile ulichopanga. Yeye alipanga futi moja juu ya mwamba. Chambo ni ruba hai. Ndiyo, ruba wa majini, wanauzwa dukani kwenye kopo lenye maji baridi.

Halafu tukanyamaza. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, wakuu. Boya la rangi ya chungwa linapanda na kushuka na mawimbi, anga imekuwa ya zambarau, ndege fulani wa majini analia mbali kama mtu anayeita. Boya la shemeji likazama. Halikuchezacheza, lilizama tu taratibu kama linavutwa na mkono. Mwongozaji akamnong'oneza asivute ghafla: zungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, mpaka usikie uzito, ndipo uinue fimbo kwa mkono imara. Wolai haruki kama besi. Anatikisa kichwa chini, mzito, anakataa kuja juu. Alipofika kwenye wavu alikuwa inchi 26, tumbo pana. Jike.

Ndani ya dakika arobaini na tano tulipata kumi na mmoja. Tulichukua wale tulioruhusiwa, wengine wote wakarudi majini, pamoja na yule jike.

#4 Mzee_Kigamboni

Kijana, umeandika vizuri na nimekufuata mpaka hapo mwisho. Hapo ndipo umeniacha. Mwenyezi Mungu amekupa samaki wa inchi 26, watoto wako nyumbani wanakula, wewe unamtoboa mdomo, unampiga picha, unamrudisha. Sisi tuliolelewa pwani tunaona huko ni kumtesa kiumbe bila sababu. Kama humtaki usimvue. Naomba unielimishe, nauliza kwa nia njema.

#5 Mwana_wa_Ukerewe

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki na mimi mwenyewe nililibeba moyoni muda mrefu, nitakujibu kwa urefu.

Kwanza sheria. Kila ziwa lina kiwango chake, na Mille Lacs kanuni za wolai zinatangazwa upya kila mwaka: wangapi, na wa urefu gani. Aliye nje ya urefu huo huna hiari, hata kama unamtaka. Sababu ni kwamba ziwa lile liliwahi kupungukiwa. Mwaka 2015 walifunga uvuvi wa wolai katikati ya msimu, mwezi Agosti, na miaka iliyofuata kuna majira ya joto ambayo hukuruhusiwa kuondoka na hata mmoja. Watu wa hoteli ndogo na maduka ya chambo kule pembeni waliumia sana.

Halafu kuna wenye ziwa. Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, waliingia mkataba na serikali ya Marekani mwaka 1837, wakaachia ardhi lakini wakabaki na haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya vyakula vyao. Jimbo lilibishana nao mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1999 mahakama ikaamua kwamba haki hiyo ingali hai. Kwa hiyo kiasi kinachovuliwa kila mwaka kinagawanywa kati ya jimbo na makabila. Nasema hili kwa sababu gatini niliwasikia watu wakiwalaumu Waojibwe kwa nyavu zao za majira ya kuchipua, kana kwamba wao ndio wageni. Sisi tuliotoka mbali tusiingie kwenye maneno hayo. Nyavu zao zimo kwenye hesabu, kama ndoano zangu.

Lakini mzee, jibu langu la kweli ni la mwaloni. Nilipokuwa mdogo, mzee wangu alikuwa akirudi na sangara ambaye wanaume wawili wanambeba kwenye mti. Nilipofika darasa la saba, sangara wa kiwandani walikuwa wanalingana na mkono wangu. Kokoro, ule wavu wa kukokota mpaka ufukweni, lilipita pale Ukerewe likibeba kila kitu, mpaka vifaranga. Kanuni ya kutovua sangara wa chini ya sentimita 50 ilikuwepo, watu wakaipuuza, na baba akaanza kulala ziwani siku mbili kupata alichokuwa anapata kwa usiku mmoja. Yule jike wa inchi 26 anabeba mayai mengi mno kuliko wale wadogo tuliowala. Nilipomwona kwenye wavu niliwaza hayo.

Kuhusu mateso, nakubaliana nawe nusu. Samaki akivutwa kutoka maji ya futi thelathini na zaidi, kibofu chake cha hewa kinatanuka, na ukimrudisha mara nyingi anakufa. Huko mwongozaji wetu hakutupeleka, alisema kuvua kina hicho huku ukijua utawaachia ni kuwaua tu. Alitumia ndoano ndogo, hakuwaweka kwenye sakafu ya boti, mikono ililoweshwa kwanza. Na ulichosema, "kama humtaki usimvue", ndicho alichotufanyia kwenye kile kiota cha besi.

#6 Mzee_Kigamboni

Marahaba mwanangu. Hilo la jike na hilo la baba yako yameniingia. La picha bado halijaniingia, lakini nimekuelewa. Hata kwetu dagaa na vibua wamepungua na tunajua ni mikono ya nani.

#7 Ndugu_wa_Uvira

Ndugu, asante. Mimi natoka Uvira, Tanganyika ndiyo maji yangu, sasa naishi Moorhead. Tuko watu sita nyumbani, watoto wanne. Dola 600 sitaweza. Je, kuna njia ingine? Na vibali vinakuwa namna gani?

#8 Mwana_wa_Ukerewe

Ndugu yangu karibu. Njia ipo. Mille Lacs kuna boti kubwa za pamoja, zinabeba watu ishirini na zaidi, unalipia kiti tu kwa nusu siku au jioni. Mimi niliwahi kulipa chini ya dola 70 kwa kiti, fimbo na chambo vikiwamo. Nahodha anajua ziwa, na kuna kijana wa kusaidia kutoa samaki kwenye ndoano. Huwezi kuchagua sehemu, lakini kwa familia ni mwanzo mzuri. Ila kwako Mille Lacs ni mbali. Otter Tail iko karibu nawe zaidi, nayo ina wolai.

Leseni: mkazi wa Minnesota aliye na miaka 16 na kuendelea lazima awe nayo, watoto walio chini ya hapo hawahitaji. Unanunua mtandaoni au dukani, unaibeba. Mwongozaji hakununulii, uliza kabla. Mtoto chini ya miaka 10 lazima avae jaketi la kuokolea boti ikiwa inatembea, na kwa watoto wako ningewavalisha wote. Msimu wa wolai unafunguliwa Jumamosi ya katikati ya Mei, lakini mimi ningekushauri ungoje Juni, maji yana joto na watoto hawagandi mikono.

Ukiazima boti, kumbuka kung'oa kizibo cha chini na kumwaga maji yote kabla ya kuingia barabarani, na chambo kilichobaki ukitupe kwenye takataka, sio ziwani. Ni sheria, ni kwa sababu ya wale kome niliowataja, wanasafiri ndani ya maji ya boti.

Na tafadhali usisahau bahashishi kwa mwongozaji au kijana wa boti. Huku asilimia 15 mpaka 20 ni kawaida.

#9 Muuguzi_StPaul

Naomba niongeze la afya kwa kina mama, sijaona aliyeligusa. Samaki wa maziwa haya wana zebaki, na wolai mkubwa anakuwa nayo zaidi kwa sababu ameishi muda mrefu akila wenzake. Ushauri wa jumla wa Idara ya Afya ya Minnesota kwa wajawazito, wanaonyonyesha, wanaotarajia kushika mimba na watoto chini ya miaka 15 ni kwamba wolai wa chini ya inchi 20 aliwe mlo mmoja kwa mwezi, na aliyezidi hapo wasile kabisa. Yapo maziwa yenye ushauri wake maalumu, angalieni la kwenu. Wale samaki wadogo kama bluugili wanaruhusiwa mara nyingi zaidi. Nimekutana na wajawazito wetu kliniki wanakula wolai kila Jumamosi kwa kuwa mume ni mvuvi hodari, na hakuna aliyewaambia.

#10 Binti_Naivasha

Dada Muuguzi ubarikiwe, mimi nilikuwa sijui. Kaka Ukerewe, hao mliowachukua mliwapikaje?

#11 Mwana_wa_Ukerewe

Muuguzi asante, hilo ni kubwa kuliko yote niliyoandika.

Dada, mwongozaji alitupasulia minofu gatini kwa kisu chembamba, dakika mbili kwa samaki. Kwenye kila mnofu aliacha kipande cha ngozi chenye magamba, inchi moja kwa inchi moja, ili askari wa samaki akikusimamisha njiani ajue ni samaki gani. Nyama yake nyeupe, haina shombo. Wenyeji wanaukaanga na unga wa mkate. Mama watoto aliupaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, akakaanga kidogo tu, halafu akautia kwenye tui na bamia. Vichwa niliviomba, mwongozaji alishangaa, nikamwambia supu ya vichwa ndiyo iliyonikuza.

#12 Ndugu_wa_Uvira

Nimepata viti vya Jumamosi ijayo, Mungu akipenda. Mtoto wangu mkubwa anauliza kitu kimoja: ruba unamtungaje kwenye ndoano, asikushike mkono?

#13 Mwana_wa_Ukerewe

Atakushika, lakini haumi vibaya, unambandua tu. Chovya vidole kwenye maji baridi kwanza. Mtazame vizuri: upande mmoja ni mwembamba, upande mwingine ni mpana na una kikombe cha kunyonyea. Pitisha ndoano mara moja tu kwenye ule upande mpana, karibu na kikombe, usimpitishe mara mbili. Hapo atanyooka na kuogelea akitaka kukimbia, na huko kuogelea ndiko kunakomwita wolai. Akijikunja kama mpira amechoka au maji ya kopo yamepata moto. Badilisha.